Stelingi Hashindwi

Bizumuremyi akikushika mkono unatamani kwenda kunawa. Si kwamba mikono yake ni michafu, maana anapaka losheni kama bibi harusi. Ni ile namna anavyokukamata kwa mikono yote miwili na asiachie mpaka useme ndiyo. Siku aliyokuja kwangu na flashi yake nilisema ndiyo, basi tu nipate mkono wangu.

Mimi naitwa Gatete. Nina banda la video hapa Gisenyi, nyuma ya soko, na kazi yangu ni kutafsiri filamu. Sitafsiri kwa maandishi. Nakaa na maikrofoni pembeni ya skrini, filamu inakwenda, nami naongea juu yake: nampa kila mtu sauti, nawabandika majina ya kwetu, na panapohitaji tusi natia tusi. Wateja wangu wengi wanatoka Goma au walikulia huko, kwa hiyo natafsiri kwa Kiswahili. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, tukarudi nikiwa mkubwa, nao hunicheka kwamba naongea kama taarifa ya habari. Wacheke. Hakuna anayetoka filamu ikiwa inaendelea.

Bandani kuna sheria moja tu: stelingi hashindwi. Stelingi ndiye yule mkubwa wa filamu, mwenye sura kwenye kava. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho atainuka. Wateja wakishaona kava wanajua nani atabaki hai, na hapo ndipo wanakaa kwa raha.

Sasa Bizumuremyi. Ni mwenyekiti wa koperative ya wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mke wangu Denyse ni mwanachama. Zamani mwekezaji mmoja alitaka kuwaondoa wauzaji ufukweni ajenge baa. Bizumuremyi akazunguka ofisi kwa ofisi, akaongea, akapiga magoti, mwekezaji akaondoka, wauzaji wakabaki na wakajengewa banda la mabati lenye meza za mbao. Sikatai, alifanya. Ubaya ni kwamba tangu siku hiyo hajanyamaza. Anaiita vita ya ufukwe. Ukilalamikia mizani, unaambiwa vita ya ufukwe. Ukiuliza kwa nini barafu anauza binamu yake peke yake, vita ya ufukwe. Na meza anazigawa yeye. Wanaomsifu wanakaa mlangoni, wateja wanakoingilia. Anayemuudhi anahamishiwa mwisho kabisa, juu ya mtaro wa maji machafu, ambako mteja akifika ameshaziba pua na ameshanunua kwa wengine.

"Gatete," aliniambia siku ile, mkono wangu ukiwa bado kifungoni, "hii filamu iko ya Muzee ya Baingereza. Alishinda vita. Batu bake balimupenda sana. Jumamosi tuko na uchaguzi, mi nataka batu baone vile mutu mwenye alishinda vita anaheshimiwa."

Nikaangalia picha ya kava kwenye simu yake. Mzee mnene, sigara nene, vidole viwili juu. Nikamuuliza kama ameitazama yote.

"Nimeangalia mwanzo, ile ya mabomu. Ingine ya nini? Stelingi si uyu hapa."

Mtu mzima huyo, mwenyekiti, ana wajukuu. Amechagua historia ya Uingereza kwa kuangalia kava. Nikachukua flashi.

Niliitazama nyumbani, mtoto wetu Mucyo akiwa shuleni, Denyse akimenya viazi pembeni yangu. Kiingereza changu ni cha shule ya Karagwe lakini kinatosha. Mwanzo ulikuwa wa mabomu kweli. Halafu ukafika mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tano, Ujerumani imeanguka, Waingereza wakaitisha uchaguzi. Yule mzee, Churchill, anapita barabarani kwenye gari la wazi, umati haupimiki, watu wanapunga kofia, akina mama wanalia. Mpinzani wake anaitwa Attlee. Kajitu kadogo, kipara, kiko mdomoni, anazunguka nchi kwa gari lao la nyumbani na mke wake ndiye dereva. Hakuna mtu duniani angemweka huyu kwenye kava. Kura zikapigwa. Masanduku yakakaa yamefungwa wiki tatu, yakingoja kura za askari waliokuwa mbali. Yakafunguliwa, na chama cha mzee kimebwagwa vibaya mno.

Denyse akaweka kisu chini. "Lakini balikuwa banamupigia makofi."

"Walimpigia."

"Na kulia balilia."

"Walilia. Halafu kila mmoja akaingia mahali pa kura peke yake, na karatasi yake."

Denyse akacheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. Siku hizo nilimpenda sana mke wangu akicheka.

Kesho yake akamsimulia Mukankusi, na jioni Mukankusi akaja kwetu. Ni rafiki ya Denyse tangu ujana wao wa Goma. Ni mjane, ana watoto watatu na mama yake mgonjwa huko Rugerero, na wote wanakula kwenye meza ya kwanza mlangoni, aliyoipata kwa kura ya bahati siku banda lilipofunguliwa, kabla Bizumuremyi hajajipa kazi ya kugawa. Mwaka huu aliamua kugombea uenyekiti. Sote tulijua maana yake. Wawili waliwahi kumpinga Bizumuremyi miaka ya nyuma, wakaanguka, na wote wawili wako mtaroni mpaka leo, wanauza wanachoweza.

"Shemeji," akaniambia, "sikuombi unipigie kampeni. Utafsiri tu vile filamu iko."

"Muzee Bizumuremyi atakasirika."

"Akasirike. Sikia. Ku uchaguzi ya serikali tunaingia ku kachumba, mutu na karatasi yake, hakuna mwenye anakuona. Lakini ku koperative tunapanga musitari nyuma ya mutu, na yeye anatuangalia mu macho. Nani atamupinga hapo? Mi nataka sanduku. Bakinipatia sanduku, hata nikianguka, nitajua nimeanguka kweli. Ku musitari mi sitajua kitu, na meza itaenda."

Nikamwambia nitatafsiri filamu ilivyo. Sikuona kama ni ujasiri. Niliona ni kazi tu.

Alhamisi alasiri, soko likiwa limepoa, banda likajaa mpaka mlangoni. Bizumuremyi alikuja na kiti chake mwenyewe, cha mito, akakiweka mbele kabisa. Sehemu ya mabomu ilimpendeza kiasi kwamba kila Churchill alipotokea aligeuka nyuma kuangalia kama watu wanaona. Mimi Churchill nilimwita Muzee Sigara, na yule mwingine nikamwita Bwana Kiko. Bwana Kiko alipotokea watu wakamcheka. Kamikazi, muuzaji mwenye sauti ya kuita mitumbwi, akauliza kama huyo ni mgombea au ni karani wa mgombea.

Tukafika kwenye redio. Muzee Sigara anawaambia Waingereza kwamba wakimchagua Bwana Kiko na wenzake, hao watahitaji polisi wa kuwasaka watu, kama wale wa Hitler. Nikaeleza pia kwamba Bwana Kiko huyohuyo alikaa naye serikali moja miaka yote ya vita, akisaidia mambo ya nyumbani. Banda likaguna.

"Ee, Muzee, hapo umekosa," akasema Kamikazi.

Kiti cha mito kikalia kidogo. Nikaendelea. Makofi barabarani, gari la wazi, vilio, halafu chumba cha kura, halafu masanduku yaliyofungwa, na hapo nikaliacha banda likae kimya kama ninavyofanya stelingi akiwa ukingoni mwa shimo. Yakafunguliwa. Nikasema matokeo, polepole, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari.

Bizumuremyi akageuka. "Gatete, umekosea. Rudisha nyuma."

Nikarudisha nyuma. Muzee Sigara akaanguka tena.

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa mabati. Watu walikuwa wanapigana mabega. Uwineza, ambaye kila mwaka ndiye wa kwanza kujipanga nyuma ya Bizumuremyi, alijifunika kitenge usoni na mabega yakawa yanacheza. Mukankusi hakucheka. Alikuwa anawaangalia wenzake mmoja mmoja, uso umechangamka.

Filamu ikaendelea, maana haikuishia hapo. Bwana Kiko na wenzake wakawawekea watu hospitali za kutibiwa bure, na hapo akina mama wakanyamaza kabisa, wanasikiliza. Lakini pia foleni za chakula haziishi, mgao hauishi, watu wanachoka. Uchaguzi wa mwaka hamsini wanaponea chupuchupu. Hamsini na moja wanarudi kwenye kura. Chama cha Bwana Kiko kinapata kura nyingi kuliko chama chochote nchini, na bado kinashindwa, kwa sababu viti vya bunge vingi zaidi vimekwenda kwa chama cha mzee. Muzee Sigara anarudi kwenye ile nyumba ya waziri mkuu, vidole viwili juu.

"Simamisha," akasema Bizumuremyi. Nikasimamisha. "Nani alikuwa na kura mingi?"

"Bwana Kiko."

"Na nani alichukua kiti?"

"Muzee."

"Donc, basi, kura mingi si shida. Shida ni vile unapanga." Akaenda zake anacheka, na kiti chake kichwani mwa mpwa wake Régis. Katika filamu nzima, vita, hospitali, foleni, askari, mtu huyu aliokota hicho tu.

Ila sikujali sana, kwa sababu nje watu walikuwa wamemzunguka Mukankusi. Sanduku, sanduku, kila mdomo sanduku. Kamikazi alimkumbatia. Béata, msichana aliyeingia koperative mwaka huu, alisema ataleta gundi. Usiku wakati wa kula Denyse aliniambia amehesabu kwa vidole, na Bizumuremyi amekwisha.

Jumamosi nilikuwepo kwa sababu ya spika zangu. Koperative hunikodi kwa mikutano, na mimi ndiye hutangaza matokeo, maana nina maikrofoni na sina kura. Wanachama walikuwa wamejaa kwenye banda la meza. Mukankusi alikuja na katoni ya sabuni aliyoibandika karatasi nyeupe pande zote, juu ameikata mpasuo mzuri ulionyooka. Aliiweka kwenye meza yake. Ajenda ilipofika, akasimama.

"Naomba tupige kura ya siri," akasema. "Mu sanduku. Sigombani na mutu. Hata kama tutamurudisha Muzee, tumurudishe mu sanduku."

Watu wakaitikia. Si kwa nguvu, lakini nilisikia mimi mwenyewe, kila kona. Nikamtazama Bizumuremyi nimwone akitetemeka. Alikuwa anatabasamu, anapaka losheni.

"Bon," akasema. "Mama amesema muzuri. Iyi njo demokrasia. Mi siwezi kukatala peke yangu, na yeye hawezi kuamua peke yake. Wanamemba baamue." Akaweka kichupa mfukoni. "Mwenye anataka sanduku, apange musitari nyuma ya Mukankusi. Mwenye anataka tuendelee vile tulizoea, apange nyuma yangu. Sasa hivi, tusipoteze saa."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nadhani Mukankusi pia alielewa, maana mkono wake ulikwenda ukashika ukingo wa katoni. Ili uombe kujificha, sharti ujionyeshe kwanza.

Bizumuremyi akasimama upande mmoja, mikono nyuma, anaangalia. Haangalii kwa ukali hata kidogo. Anamwangalia kila mtu usoni kwa upole, kama baba anayengoja watoto watoke kanisani. Uwineza akawa wa kwanza nyuma yake, kama kila mwaka. Akafuata binamu wa barafu. Halafu wawili, halafu watano, halafu miguu yote ikaanza kuburuza kwenda huko kwa pamoja. Kamikazi, mwenye sauti ya kuita mitumbwi, alipita mbele yangu bila sauti yoyote. Béata alipiga hatua kuelekea kwa Mukankusi, nikasema moyoni haya, binti, haya. Akainama kufunga kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Alipoinuka, alikuwa ameelekea kule. Hata wale wawili wa mtaroni, ambao hawakuwa na meza nzuri ya kuogopea, walikwenda. Sijui walitarajia nini. Labda kusogezwa meza moja mbele.

Nikamtafuta Denyse. Alikuwa katikati ya mstari wa Bizumuremyi, anaangalia kucha zake.

Mukankusi alibaki na katoni yake. Hakulia. Aliwaangalia kama mtu aliyepotelewa na kitu na ana hakika kiko hapahapa, akitazama vizuri atakiona.

"Gatete," akasema Bizumuremyi, "tangaza. Na sauti ya filamu."

Ningeweza kuzima spika. Nimeliwaza hilo tangu siku hiyo. Lakini maikrofoni ilikuwa mdomoni, na macho yake ya upole yalikuwa yamefika kwangu. "Wanaotaka sanduku," nikasema, "mmoja. Wanaotaka mstari, wengine wote." Ikatoka vizuri, ya taarifa ya habari. Uchaguzi wenyewe hawakuona hata haja ya kujipanga upya. Walikuwa wameshapangika.

Kinyaa nilichokiona siku ile ni kidogo kuliko cha siku zilizofuata, maana walianza kunijia. Kamikazi alinishika kona ya soko, akaangalia kushoto na kulia, akanong'ona kwamba angekuta sanduku angemchagua Mukankusi. Uwineza naye, Uwineza, eti kwa moyo alikuwa upande wa sanduku, ila miguu. Béata alilia kwa kwikwi kwenye ngazi ya banda langu, nikamwambia aende akalilie mtaroni. Mmoja mmoja, kwa siri, kila mtu kwa zamu yake, wakamaliza. Nikajumlisha, na Mukankusi alikuwa ameshinda kwa kura zote.

Jumatatu wakahamisha meza yake. Bizumuremyi hakuinua hata kidole, alisema tu. Walioibeba ni wanawake wenyewe, kwa upendo mkubwa, pole dada, angalia mguu usivunjike, shika huku, pole sana. Waliishusha juu ya mtaro taratibu kama mgonjwa na wakamfutia vumbi.

Na ile nafasi ya mlangoni ikapewa Denyse.

Aliniambia jioni, amesimama, hajavua hata viatu. Nyumbani sisi huongea Kinyarwanda, lakini tukigombana kila mtu hurudi kwenye Kiswahili cha alikokulia.

"Aliniita mbele ya batu," akasema. "Alisema bwana yako ametangaza muzuri. Ningekatala namna gani, Papa Mucyo, batu bote banaangalia?"

"Kwa mdomo. Ungesema hapana."

"We ulisema?"

Nikamwambia amenitia aibu, kwamba Mukankusi ni dada yake, kwamba sijui nimeoa mtu wa namna gani. Nilisema mengi, na kwa Kiswahili safi. Nikaapa sitakula kitu kilichotoka mikononi mwake mpaka airudishe meza ile. Nililala na njaa na nilijiona mtu.

Ikapita siku, ikapita ya pili. Mchana nilikuwa nakula ndizi kwa siri nyuma ya banda. Mukankusi nilimwona mara moja tu, anapanda barabara ya Rugerero na beseni kichwani, anauza mlango kwa mlango, kwa sababu pale mtaroni hakuna anayefika. Nikavuka barabara nisikutane naye. Nilijiambia nina haraka.

Jioni ya tatu Denyse aliweka sahani mezani: maharage ya Kanama, viazi, na mafuta mapya yananukia. Mucyo alikuwa na viatu vipya vya shule, anavitazama chini ya meza. Denyse akakaa mbele yangu, akaongea bila hasira, kama mtu anayesoma bei.

"Bandani kwako kumebaki batu ngapi? Bote banaangalia filamu ku simu. Mwezi iyi umeleta nini ku nyumba? Iyi maharage imetoka ku meza ya mulango. Viatu ya mutoto, ku meza ya mulango. Ukitaka mi nirudishe, kesho asubui nitarudisha. Sema tu, nitasema kwa Muzee ni bwana yangu ameamua." Akasogeza sahani karibu yangu. "Sema, Papa Mucyo. Hapa hakuna mwenye anakuona."

Mucyo aliinua macho. Maharage yalikuwa bado yanatoa mvuke. Nikafungua mdomo niseme, nikavuta sahani.